Mbwa wa Kulinda Viroba

Kila mume wangu alipokwenda duarani, kwenye shimo la dhahabu, kuchimba, hapa Rwamgasa, alifunga geti kwa nje, kisa viroba vya mawe ya dhahabu vilivyopangwa uani. Ndani tulibaki mimi, mtoto wetu aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na mbwa aliyeachiwa avilinde.

Siku hiyo mtoto aliviegemea viroba. Mbwa akasimama amekakamaa, mkia juu, ukitikisika ncha tu. Akapiga miayo, akajilamba pua, akageuza uso huku jicho likibaki kwa mtoto. Nilimbeba mtoto taratibu, bila kelele, nikaingia naye chumbani na kumpigia baba yake simu.

“Njoo ufungue. Mbwa wako atamng'ata mtoto.”

“Amebweka?”

“Hajabweka. Anatingisha mkia na kupiga miayo.”

Akacheka. “Si anafurahi huyo, tena ana usingizi! Mama watoto, una woga kama kuku.”

Furaha gani? Mbwa akifurahi hutingishika hadi kiuno, mwili umelegea. Huyu alikuwa anatuomba tusogee mbali, na sisi hatukuwa na pa kwenda. Hata mbwa mwenyewe hakuwa napo.

“Sawa,” nikamwambia. “Nawaita vijana wanaosaga mawe hapo jirani waruke ukuta, waje kumtoa mtoto.”

Muda si mrefu nikasikia pikipiki. Mume wangu aliingia, akaangalia viroba kwanza, mtoto baadaye.

Siku hizi mbwa anafungwa mnyororo. Geti bado linafungwa kwa nje.