Paa wa Kings Rest

Kumfikisha mzee Shafiek kwenye ukumbi wa sanamu haikuwa lelemama. Binti yake, Tahira, alimbembeleza mpaka ulimi ukaota sugu.

"Ukimtia macho mnyama wa udongo," mzee alimwambia, "Kiyama utaambiwa umtie na roho. Utaitoa wapi?"

Haya, Tahira akafinyanga wanyama wasio na macho. Udongo aliufuata mwenyewe Kings Rest, pembeni mwa Durban, walikozaliwa wazee wake kabla serikali ya makaburu haijawang'oa na kuwatupa Chatsworth. Kwenye makaratasi yao, Wazanzibari wa Durban waliandikwa Waasia. Waasia, jamani, watu ambao babu zao ni Wamakua wa Msumbiji! Na udongo wenyewe mkorofi, umejaa vipande vya kombe, na kombe likipata moto linapasua kila kitu. Paa walipasuka tanurini mmoja baada ya mwingine, hadi akatoka mmoja mzima, akampeleka ukumbini. Huyo ndiye paa ambaye mzee alikuwa akimkimbiza vichakani utotoni. Tahira alitaka jambo moja tu, baba yake amwone.

Mwisho mzee akakubali. Jumamosi ya ufunguzi wa maonyesho alivaa kanzu na kofia, wakapanda basi mpaka Glenwood.

Wakamkuta paa mezani, ana macho. Shanga mbili nyeusi, zimebandikwa kwa gundi.

"Nilimwona hajamalizika," alisema mama wa Kizungu mwenye ukumbi, akitabasamu. "Nikakusaidia kidogo."

Nani alimwomba msaada? Ndivyo walivyo hawa, ukiwa huna jina wanalolijua, wanakupa lao. Ukiwa huna macho, wanakutilia. Alipogeuka, baba yake alikuwa ameshatoka.

Akazibandua shanga kwa kucha, gundi ikang'oka na ngozi ya udongo, na machozi ya hasira yakamtoka.

"Shanga zako hizi," akamwambia yule mama. Akamfunga paa kwenye mtandio, akaondoka naye.

Alimkuta mzee kituoni. Basi likaja, wakaketi pamoja. Tahira akamfunua paa, akamweka magotini. Mzee akakodoa macho dirishani, soko la Warwick likapita lote. Tahira akakata tamaa. Kazi yote ile, na maji yakimwagika hayazoleki.

Walipokaribia Chatsworth, mkono wa mzee ukaja taratibu. Ukampapasa paa mgongoni, ukashuka mpaka nyuma, ukatulia.

"Mkia wake ulikuwa mfupi zaidi," akasema.