Walitaka Programu, Nikawatumia ya Mazishi

Mnaonijua mnajua kwamba mimi si mtu wa kujitangaza, nasaga mahindi ya watu hapa Kitale, jioni napangusa unga masikioni naenda nyumbani, na aibu hii ningeimeza kimya kimya kama ingewezekana. Haiwezekani. Iko kwenye mtandao, mahali pa wazi, mtu wa nchi yoyote akitaka anaifungua na kuisoma yote pamoja na majibu yangu, kwa hiyo afadhali muisikie kutoka kwangu kabla hamjaisikia kwa Rosa, mdogo wa marehemu mke wangu, ambaye huongeza chumvi.

Marehemu, Mama Wekesa, alikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule ya kutwa. Mimi niliacha masomo mapema na yeye hakuwahi kunikumbusha hilo hata siku moja. Alipenda sana lugha fulani ya kompyuta (ndiyo, kompyuta nazo zina lugha, unaziandikia maagizo kwa lugha hiyo nazo zinatii), na lugha yenyewe hainunuliwi, inatengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, kila mmoja kwao na kazi yake nyingine, na mtu akiona kasoro anaandika kwenye ukurasa wao, mwingine anayejua anaitengeneza, basi. Jioni alikuwa anasoma ukurasa huo kama wengine wanavyosoma gazeti.

Kwa lugha hiyo aliandika kitu kidogo cha kutoa majina ya watoto. Sisi Wabukusu mtoto hupewa jina la msimu aliozaliwa: wa mvua ni Wafula au Nafula, wa mavuno ni Wekesa au Nekesa. Ile kazi ya Mama Wekesa inakuuliza kama ni mvulana au msichana, inakuuliza msimu, halafu inatoa jina, na chini ya jina inatoa maneno machache ya kumkaribisha mtoto, kila msimu na maneno yake. Mke wa mwanangu Wekesa alipopata mimba, mama alikuwa tayari mgonjwa, akaniambia, "Huyo nitamkaribisha mwenyewe. Nisipokuwepo mfungulie mashine."

Hakuwepo. Mtoto alizaliwa kule Chwele, upande wa Bungoma, msichana, wakati kila mtu yuko shambani na jembe anapigana na magugu kwenye mahindi, na mtoto wa kike wa wakati huo ni Nanyonyi, hakuna wa kubishana. Kwa hiyo jina tulikuwa nalo. Nilichokuwa nakitafuta ni yale maneno ya chini, maana mama hakuwa ameniachia maneno mengine ambayo sijayasikia.

Kosa lilianza kwa neno moja. Siku chache kabla ya sherehe nilipeleka kompyuta yake kwa Bwana Harjit, Singasinga mwenye duka la pampu na kompyuta ambalo familia yake imekuwa nalo hapa mjini tangu zamani, aipanguse vumbi tu. Akaniuliza, "Mzee, hii lugha ya mama iko toleo la zamani. Nikuwekee jipya?" Nikasema, "Weka." (Mtu akisikia jipya anafikiri ni zuri.)

Jumamosi nikafika Chwele na koti langu la kanisani. Nyumba ya Wekesa ilikuwa imejaa, kwaya ya akina mama, majirani, wakwe, na chakula kinanukia nyuma. Nikaweka kompyuta mezani, watu wakasimama mgongoni kwangu. Nikaandika msichana. Ikauliza msimu. Nikaandika parizi.

Ikajibu: Sijui msimu huo.

"Si urudie, shemeji," Rosa akasema. "Hicho kidole chako cha posho mill ni kinene."

Nikarudia, herufi moja moja. Sijui msimu huo.

"Hebu nione." Rosa akainama hadi pua ikagusa skrini. "Pa, ri, zi. Ni sawa kabisa. Andika na herufi kubwa bana, labda haioni vizuri."

Nikaandika PARIZI. Sijui msimu huo.

"Mimi naona imerara," akasema mama mmoja wa kwaya.

"Haijarara, si inajibu? Inakataa tu."

Kila aliyekuja kusaidia alisoma lile neno, akatikisa kichwa, akasema liko sawa. Mwalimu mstaafu pia alilisoma akasema liko sawa. Wekesa akaninong'oneza, "Baba, tumwite tu Nanyonyi watu wale chakula." Hapo ndipo ningekubali mambo yaishe. Lakini nikasimama, mimi nisiyezoea kusimama mbele za watu, nikasema mtoto hatapewa jina mpaka mama yake Wekesa amkaribishe, na ameahidi, na tutangoja. Watu wakala, wakaenda.

Siku ya soko Chwele nzima ilikuwa inasema kwamba marehemu amemkataa mtoto. Wekesa alinipigia simu akaniambia mkewe hatoki tena nje na yule mtoto, anamfunika hata uso. Niliposikia hivyo nilizima mashine ya kusaga, watu wakiwa kwenye foleni na madebe yao, nikaenda kwa Harjit.

"Mzee, hiyo lugha mimi naweka tu, sitengenezi," akaniambia. "Waandikie wenyewe. Nitakufungulia ukurasa. Andika Kiswahili, hao watu wako kila mahali, atapatikana wa kusoma. Sema ulifanya nini, ulitegemea nini, ukapata nini. Hasira wacha hapa kwa kaunta."

Mteja akaingia kuuliza bomba, Harjit akageuka, na hasira sikuiacha kwa kaunta. Niliandika hivi, na bado iko pale: Nyinyi watu mmeharibu kazi ya marehemu mke wangu kwa toleo lenu jipya. Mjukuu wangu hana jina kwa ajili yenu. Mtajibu kwa Mungu. Nikabonyeza kutuma kabla bomba halijapimwa.

Jibu lilinikuta kazini, kwenye simu. Lilitoka kwa mmoja wa wale wa kujitolea, Asha, wa Tanga: "Pole sana kwa usumbufu, baba. Ili tuweze kusaidia, tafadhali ambatisha programu."

Sasa nisikilizeni vizuri, msinicheke kabla ya wakati. Mimi ile kazi ya mke wangu sikuwahi kuiita programu, niliita ile ya majina. Na hapa kwetu ukitaja marehemu kwenye ofisi yoyote, lazima uulizwe karatasi, ya chifu, ya hospitali, ya nini, watu wahakikishe kweli amekufa. Nyumbani kwangu tangu tumzike neno programu lilikuwa na maana moja: ile karatasi ya rangi yenye picha yake mbele, na ratiba ya ibada ndani. Nilikuwa nayo kwenye simu, ile tuliyompelekea mchapishaji. Nikaona wana haki ya kuuliza, nikawatumia, nikaongeza: Picha yake ni hiyo ya mbele. Muitunze.

Kesho yake Harjit aliniita dukani. Nilimkuta ameshika kaunta kwa mikono miwili na mabega yanatikisika.

"Mzee. Umewatumia nini?"

"Programu. Si wameomba."

Akanigeuzia skrini. Kulikuwa na majibu mengi. Mmoja wao, wa nchi ya mbali sana, alikuwa amepitisha ile karatasi kwenye mashine ya kutafsiri na kuisoma kwa makini yote, kazi ya kujitolea ni wito, akaandika kwamba baada ya "Mwili kuwasili nyumbani" inaenda vizuri hadi "Maombi", na baada ya "Maombi" inaingia "Hotuba za jamaa", ila hapo haoni mahali pa kuzisimamisha, je, inawezekana ndipo inapokwama?

"Huyu amepata kasoro ya kweli," Harjit akasema, akipangusa machozi. "Hotuba za jamaa hazina mwisho. Imeshinda hata serikali."

Nilitamani sakafu ya duka ifunguke. Wageni wa dunia nzima wamekaa wanakagua mazishi ya mke wangu mstari kwa mstari, na ni mimi niliyewapa, tena baada ya kuwatukana. Nikamwambia Harjit afute. Akasema kilichoandikwa pale hakifutiki hivyo. Akaendelea kusoma yaliyofuata, na nikaona ameacha kucheka.

"Mzee, hebu soma huyu Asha mwenyewe."

Alikuwa ameandika: "Nimeliona jina kwenye karatasi. Ni Mwalimu Consolata wa Kitale? Huyu ni mwenzetu. Ametuletea taarifa za kasoro nyingi, zote safi, na kila moja anamalizia kwa kutushukuru. Alinyamaza ghafla tukadhani kazi ya shule imemzidi. Hatukujua. Pole baba, pole sana." Na chini yake wakafuatana wengine, kila mtu na neno lake, kwa lugha ambazo hata Harjit hakuzijua, na yule wa hotuba za jamaa akaomba radhi mara mbili.

Hao watu hawangejua kamwe. Mimi sikujua kuna mtu wa kuambiwa. Nilidhani watu wote wa mke wangu walikuwa kwenye viti siku ya mazishi.

Harjit akanitafutia programu yenyewe, ile ya kompyuta, tukaituma. Wakaijaribu huko kwao, ikafanya kazi vizuri, misimu yote. Asha akaniuliza, kwa upole kabisa, niliandika nini hasa. Nikamwandikia: parizi.

Akajibu: "Baba, nadhani ni palizi. Kwa l."

Watu wangu, nilirudi nyuma nikamkumbuka Rosa na pua yake, na kwaya yote, na mwalimu mstaafu. Nyumba nzima ya watu wa Bungoma imeangalia neno hilo na kulipitisha, kwa sababu sote tunalisema hivyo na masikio yetu ndiyo yanayosoma. Harjit akaniambia nijaribu. Nikaandika palizi kwa l, na jina likaja: Nanyonyi. Nikaweka kiganja juu ya skrini upesi kabla sijasoma ya chini, maana hayakuwa yangu.

Kwenye ukurasa mtu akaandika kwamba suala limefungwa, si kasoro ya lugha. Nikawaandikia kuomba msamaha. Nikasema kosa ni la mdomo wangu, toleo lao halina neno, na yale ya kujibu kwa Mungu nayaondoa.

Nilifikiri imeisha. Lakini jioni ile Asha akaandika tena: "Tusifunge bado. Nimesoma programu yote. Baba, hukukosea."

Katika maagizo ya kompyuta kuna mistari ambayo mashine huiruka, inaandikwa ili isomwe na binadamu. Mke wangu alikuwa ameandika mmoja, karibu na pale panapoulizwa msimu, na Asha akaunakili wote waone: "Baba Wekesa huandika anavyosema. Asisahihishwe. Geuza r iwe l kwanza, halafu ndiyo utafute." Na chini yake agizo la kugeuza lilikuwepo, limeandikwa sawasawa. Katika toleo jipya agizo hilo la kugeuza herufi lilikuwa linafanya kazi kwa maneno yaliyomo ndani ya programu tu, na neno ambalo mtu amelichapa kwa mkono linapita bila kuguswa. Wao walikuwa wamejaribu kwa palizi, na palizi haihitaji kugeuzwa. Kasoro ilikuwa ya lugha kweli, na ilikuwa inawasumbua wengine pia, ila hawakujua waseme nini.

Harjit alinisomea, kisha akaenda kupanga mabomba ambayo yalikuwa yamepangwa tayari, akaniacha na skrini. Miaka yote ya ndoa yetu sikujua kwamba naandika vibaya. Nilikuwa namwachia ujumbe mezani, nimeenda Saboti kuchukua mahindi, nitachelewa, na wote lazima ulikuwa umejaa r, na yeye alikuwa anausoma na kuukunja.

Waliitengeneza. Mmoja akaandika marekebisho, mwingine akayakagua, wa tatu akasema hapana, panga vizuri hapa, wakabishana kwa heshima kama watu wanaoezeka paa la jirani, na hakuna aliyetaja malipo. Na wana desturi kwamba kila kasoro ikitengenezwa wanaacha swali la kuipima, ili isirudi. Swali la hii ni neno parizi. Kila toleo jipya la ile lugha, kabla halijaruhusiwa kutoka, mashine inapewa parizi, ikishindwa kuelewa toleo halitoki.

Harjit akaniwekea toleo lililotengenezwa, nikarudi Chwele, watu walewale, koti lilelile. Mke wa Wekesa akakaa mbele na mtoto, uso wa mtoto ukiwa wazi. Nikaandika msichana, nikaandika parizi, kwa r, mbele ya wote. Likaja jina. Kisha Wekesa akasoma maneno ya mama yake kwa sauti: "Nanyonyi, karibu. Umetukuta shambani. Keti, tunaosha mikono, tunakuja."

Mke wa Wekesa akamwinua mtoto, akampa kila mtu amshike, na siku ya soko iliyofuata alikwenda naye hadi katikati ya Chwele.

Kwa hiyo nimeapa mambo mawili. Nikiombwa programu na mtu yeyote, hata kanisani, nauliza kwanza ni ipi. Na sitamwandikia tena mtu nisiyemjua kwa hasira, maana wale niliowaambia watajibu kwa Mungu walikuwa wakimngoja mke wangu, na waliponipata mimi badala yake, wakanipokea hivyohivyo na r zangu.