Ada ya Kuimba

"Yaani mtu analipa ili wamsikilize akiimba?"

Mama aliniuliza hivyo akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini, na hakuwa anatania. Nilimweleza kwamba kuna ada ya kuomba chuo, halafu kuna ada nyingine ya usaili, siku unapokwenda kuimba mbele ya walimu wao. Mpiga piano naye analipwa. Nauli ni juu yako.

"Kanisani unaimba bure," alisema, akaenda kunawa.

Tulikuwa tukiishi upande wa kusini wa Louisville, Marekani, mimi na yeye tu. Mama alifungasha maboksi kwenye ghala, mimi nilikuwa namaliza sekondari. Nilizaliwa kambi ya wakimbizi Tanzania, wazazi wangu wakiwa wamekimbia Burundi, na kuimba nilijifunzia huko huko, kwenye kwaya. Mwalimu wa muziki wa shule ndiye aliyeniambia kwamba kwa sauti yangu naweza kusomea kuimba chuoni. Alinitajia vyuo kadhaa. Nilikaa jikoni nikaanza kuvipunguza. Vya kwenda kwa ndege niliviacha kwanza. Vilivyotaka video iliyorekodiwa studio, navyo nikaviacha. Vikabaki viwili: cha Columbus, kwa sababu basi halibadilishwi njiani, na cha Buffalo, kwa sababu huko alikuwepo mama mmoja Mrundi aliyekuwa jirani yetu kambini.

Mshauri wa shule alinisaidia kuomba msamaha wa ada ya maombi, nikasamehewa kote kuwili. Nikadhani yamekwisha. Kumbe ada ya usaili ni ya idara ya muziki, na huko lazima ubishe hodi upya. Ikabidi niandike tena barua pepe, nieleze hali ya nyumbani kwetu kwa watu nisiowajua. Niliandika, nikafuta, nikaandika. Buffalo walijibu kwa mstari mmoja kwamba nisilipe. Columbus walinieleza kwa upole kwamba hawana utaratibu huo. Ya Columbus alilipa mama. Alianza kwenda kazini na Jumamosi. Tukawa tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Columbus nilikwenda peke yangu. Kwenye ukumbi wa kusubiria kila kijana alikuwa na mtu wake: huyu anawekwa sawa kola, yule anashikiwa chupa ya maji. Nililaza koti langu kwenye kiti cha jirani, kisionekane kitupu.

"Wazazi wako wanaegesha gari?" mama mmoja wa Kimarekani aliniuliza, akitaka kujua kama kiti kina mtu.

"Ndiyo," nilisema.

Kufanya mazoezi na mpiga piano kabla ya usaili kulikuwa na malipo yake, kwa hiyo tulikutana mle mle kwenye chumba cha usaili. Alianza haraka kuliko nilivyozoea. Nilikimbizana naye wimbo mzima, pumzi ikaniishia kabla ya mwisho. Walimu walisema asante. Nikiwa kituo cha basi, gari la yule mama lilipita na mwanawe ndani. Aliniona nimesimama pale peke yangu. Alinyanyua mkono taratibu, kisha wakaenda.

Buffalo kulikuwa na theluji. Jirani yetu wa kambini alinipokea akiwa amevaa sare ya kiwandani, akanifikisha kwake, akanionyesha sufuria ya maharage.

"Kula, binti yangu. Usinisubiri."

Akaenda zamu yake. Asubuhi nilimsikia akikoroma nyuma ya mlango. Nilisimama pale na begi langu, nikitamani kumwamsha ili tu mtu aniambie nenda salama. Nikatoka bila kugonga.

Huko mpiga piano alikuwa wa idara. Aliniuliza kwanza, "Unaupenda kwa mwendo gani?" Nikampigia mwendo kwa vidole kwenye paja, na tukaenda pamoja hadi mwisho. Kisha mwalimu mmoja, mwanamke mzee, akaniomba niimbe chochote cha kwetu. Nikaimba wimbo wa Kirundi wa kwaya yetu. Nilikuwa nimefika katikati nilipogundua kwamba naimba sauti ya pili, sehemu niliyopewa tangu utotoni. Ya kwanza, ile inayobeba wimbo, sikuwahi kuishika.

Mwalimu alisikiliza hadi nikamaliza. "Huu wimbo una sauti nyingine?"

"Zipo tatu nyingine."

"Waimbaji wake wako wapi?"

Nilimwambia mmoja ni mama yangu, yuko Louisville. Wengine walibaki Tanzania, wengine walipelekwa Australia. Wengine sijui. Alitikisa kichwa, akaandika kitu, akaniruhusu niende.

Columbus walinikataa. Buffalo walinichukua na kunilipia masomo, na mama aliposikia alikaa kitandani, akaniuliza kama huko nitapata koti zito.

Sasa niko mwaka wa pili. Siku ya onyesho langu la kwanza mama hakupata ruhusa kazini. Aliyekuja ni jirani yetu wa kambini, moja kwa moja kutoka kiwandani, akakaa safu ya mbele. Kabla wimbo wa pili haujaisha alikuwa amelala, kichwa begani. Niliendelea kumwimbia yeye.