Salamu Zilizokula Mashindano Yetu

Mwaka ule shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, niligundua kwamba mimi ni mtu mgumu kukaa naye. Mume wangu alikuwa amegundua zamani, ila alikuwa na adabu ya kusubiri nijionee mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimezoea kusema kutwa nzima mbele ya watu wasio na ruhusa ya kuondoka. Sasa nilibaki na ng'ombe zizini, na asubuhi moja nikajikuta nikimweleza ngeli ya U-ZI huku namkamua. Alinipiga teke. Nikaona basi, jambo hili linahitaji dawa.

Sikuwa peke yangu. Kijiji kizima kilikuwa kimebanwa na maneno. Makanisa yalifungwa, harusi zikaahirishwa, na sokoni Githongo watu waligusana viwiko kisha kila mtu akaenda zake, barakoa imepanda hadi chini ya macho. Mwenye bucha wetu ni mtu ambaye huwezi kununua robo ya nyama kwake bila kusikiliza habari za dunia nzima. Sasa alikuwa ametundika nailoni dirishani, anapima na kufunga kimyakimya.

"Mwalimu," aliniambia siku moja kutoka nyuma ya nailoni, "mimi nitakufa, na si korona itaniua. Ni hii kunyamaza."

Masharti yalipolegezwa kidogo na mikutano ya nje ikaruhusiwa, mradi watu wakae mbalimbali, nikapata wazo: mashindano ya kusema. Ya watu wazima, maana watoto wa watu nimewasikia vya kutosha. Kila mmoja apewe dakika tano aeleze maisha yake wakati wa korona. Mshindi angepata chupa kubwa ya chai niliyoletewa na dada yangu kutoka kwetu Embu, bado iko kwenye boksi lake. Mwenye bucha alijiandikisha kabla sijamaliza kueleza.

Wa pili kuja alikuwa jirani yangu, mjane.

Mume wake alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuugua huku kwetu, wakati ambapo hatukujua lolote na tuliogopa hata vitasa vya milango. Alifia hospitalini. Gari likamleta asubuhi, watu waliovaa nguo nyeupe kutoka utosini hadi miguuni wakamshusha kaburini, na chifu akasimama pembeni akihimiza mambo yaende haraka. Sisi majirani tulitazama kutoka nje ya ua. Chai iliyokuwa mekoni haikuwahi kuchemka, na mzee alikuwa amekwisha kufukiwa. Huku mtu hazikwi hivyo. Huku mazishi ni maneno: watoto waseme, wakwe waseme, aliyesoma naye aseme, na yule waliyegombania naye mpaka wa shamba aje aseme jinsi walivyopatana. Mzee yule hakusemewa hata neno moja. Nililia siku ile, na nililia kwa hasira kuliko huzuni.

Jirani yangu alikaa kwenye kigoda nje ya jiko langu, mbali nami kama tulivyokuwa tumeagizwa.

"Mwari wakwa," akaniita, yaani binti yangu, "hiyo mashindano, mimi pia niandike. Chupa sitaki. Nataka kumsema mzee wangu mbele ya watu. Hii maneno imenikalia hapa." Akashika koo. "Nikimeza chakula, naisikia."

Nikamwahidi kwamba atasema hata mbingu zianguke. Mimi ni mwepesi wa kuahidi.

Chifu alitoa ruhusa shingo upande. Saa kumi kamili watu wote wawe wameondoka, akasema, na angekuja mwenyewe kuhakikisha. Mahali hapakutusumbua. Kwenye kiwanda chetu cha kahawa msimu wa kuchuma ulikuwa bado, na zile meza ndefu za waya za kuanikia kahawa zilikuwa tupu, zimepangwa safu kwa safu kwenye mteremko. Ukimweka mtu kati ya meza na meza, hata akitaka kumkoholea mwenzake hamfikii. Mtungi wa maji wenye mfereji tukauweka langoni pamoja na sabuni. Kipaza sauti tukaazima kanisani, na kwa kuwa mate ndiyo yaliyokuwa adui wa taifa, kila msemaji aliambiwa aje na soksi yake safi ya kukivalisha. Hilo lilikuwa wazo la mwenye bucha. Mimi nikabeba kengele ya shule ya kukatiza watakaozidisha muda.

Tukapiga kura ya kupanga zamu, na jirani yangu akaangukia mwisho. Nilitaka kumbadilishia, akakataa. Alisema ni heri watu waende nyumbani wakiwa na maneno yake masikioni.

Siku yenyewe ilikuwa nzuri. Mlima ulikuwa umejitoa mawinguni wote, jambo ambalo huwa haufanyi bure. Watu walikuja na viti vyao vya plastiki na barakoa za vitenge, na kwa jinsi walivyochangamka ungedhani ni Krismasi. Nilifurahi hadi nikasahau kwamba kuna jambo moja la watu wa huku ambalo mimi, niliyezaliwa Embu, nimelitania tangu niolewe. Kwetu mtu akisimama kusema, anasalimu kisha anasema. Hapa salamu ni kazi yenyewe.

Msemaji wa kwanza alikuwa karani mstaafu wa kiwanda. Akakivalisha kipaza sauti soksi ya kijivu, akasafisha koo, watu wakarudisha viti nyuma.

"Muuga!" akasalimu.

"Muuga!" tukaitikia.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

Kisha akaanza kutambua. Alitambua wazee wa kanisa, akina mama wa vikundi, vijana wa bodaboda, wakwe kutoka ng'ambo ya mto, na mimi, "binti yetu wa Embu ambaye sasa ameanza kuiva." Macho yake yakamfikia mtu mrefu aliyeketi mbele, kofia kichwani, barakoa ya khaki, mikono juu ya mwavuli.

"Na kwa heshima kubwa, namtambua mheshimiwa chifu wetu."

Kumbe alikuwa mwenye bucha. Barakoa ilikuwa imemfunika vizuri, na angeweza kusema ukweli. Badala yake aliinuka nusu, akainamisha kichwa polepole kama mtu aliyezaliwa na cheo, akaketi. Nikapiga kengele. Karani akanishukuru kwa kengele, akawatambua waliochelewa ambao ndio kwanza walikuwa wananawa mikono, kisha akarudi kwenye kiti chake. Korona hakuitaja.

Msemaji wa pili asingeweza kusalimu wachache kuliko wa kwanza. Watu wangemwona hana malezi. Akatambua wote waliotambuliwa na karani, akamwongeza karani mwenyewe, kisha wale ambao karani aliwasahau, ambao walikuwa wameanza kununa. Wa tatu akaongeza wa pili. Kila salamu ilizaa salamu nyingine, na kila msemaji alimpa mwenye bucha heshima za chifu, naye akazipokea zote bila aibu. Zamu yake ilipofika alivua barakoa, watu wakapiga yowe, karani akajishika kichwa. Mwenye bucha akasubiri kelele zitulie, akatambua kila mtu, na mwisho akasema, "Na zaidi namtambua chifu wetu, popote alipo." Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Alipokaa, barakoa ikarudi usoni, na waliofika baadaye wakaendelea kumtambua kama kawaida.

Kicheko kilinikatika nilipotazama saa. Ilikuwa imepita saa tisa unusu na bado zamu hazijaisha. Nikapiga kengele mfululizo kama moto umeshika bweni, wao wakadhani napiga makofi. Kule safu ya nyuma jirani yangu alikuwa ameketi wima, mikono mapajani. Niliogopa sana. Si kwa ajili ya mashindano, hayo yalikuwa yamekwisha kuliwa na salamu. Niliogopa kwamba nitamrudisha nyumbani na yale maneno yake kooni.

Chifu mwenyewe alifika wakati huo, amevaa sweta ya nyumbani na barakoa yenye rangi za timu ya mpira. Mama aliyekuwa langoni hakumjua. Akamnawisha mara mbili, akamwambia viti vya mbele ni vya wageni wa heshima, aende akae karibu na mashine ya kumenyea kahawa. Kutoka hapo alisikia akitambuliwa kwa sauti kubwa, na akaona mtu mwingine akiinuka kupokea.

Alitembea hadi mbele akavua barakoa. "Chifu ni mimi," akasema.

Watu walivunjika mbavu. Mwenye bucha alikagua viatu vyake kwa muda mrefu. Lakini chifu akishatambulika ni lazima naye asalimu, na alisalimu kwa kisasi, ukoo kwa ukoo. Alipomaliza akatazama saa yake.

"Sasa ni saa kumi. Twende nyumbani na utaratibu, tukiweka ile distance."

"Chifu, amebaki mmoja tu," nikasema.

"Mwalimu, wewe ndiyo unafundisha watoto kufuata sheria. Saa kumi ni saa kumi."

Nilifungua mdomo tugombane, na kweli tungegombana, lakini jirani yangu alikuwa amekwisha kuinuka. Alipita katikati ya meza bila haraka, akatoa soksi mfukoni. Ilikuwa ya kiume, rangi ya udongo, ina kiraka kisiginoni. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ilikuwa ya nani. Akakivalisha kipaza sauti, akaivuta ikakaa sawa.

"Chifu," akasema, "hiyo siku ya kuzika mzee wangu uliniambia nifanye haraka. Nikafanya. Leo sifanyi."

Chifu alimtazama, akanitazama, halafu akaenda kwenye kile kiti cha mbele. Mwenye bucha akampisha, naye akaketi.

"Na mimi sisalimii mtu," jirani akaendelea. Watu walishtuka, afadhali angeingia nyumbani kwao kupitia dirishani. "Mumesalimiwa ya kutosha. Nimekuja kumsema mume wangu."

Kisha akahamia Kimeru, kwa sababu yaliyobaki hayakuwa ya Kiswahili. Alisema mume wake aliimba besi kanisani miaka yote na hakuwahi kuipata hata siku moja, na kwamba kwaya nzima ilijua na ikanyamaza. Alisema safu ya kwanza ya mibuni yao imepinda kwa sababu siku ya kuipanda yeye alipita njiani na kuni, akiwa msichana, na mzee, kijana wakati huo, akapanda huku anatazama upande. Baadaye maafisa wa kilimo walimwambia aing'oe ainyooshe, akakataa hadi kufa. Alisema akikosea haombi msamaha, ila utaona mkungu wa ndizi mlangoni na mtu amejificha nyuma ya ghala akisikiliza kama umefurahi. Tulicheka na kufuta macho kwa vitenge vya barakoa. Kengele yangu nilikuwa nimeiweka chini ya meza.

Mwisho akasema kuhusu simu. Mhudumu wa hospitali alimpa mzee simu yake, na kwa pumzi iliyobaki mzee akampigia mkewe kuuliza kama mtamba wao alikuwa amezaa. Mtamba hakuwa amezaa. Lakini mkewe alijibu kwamba amezaa, na mama na ndama wako salama, na akamsikia mzee akishusha pumzi.

Kisha akageukia upande wa mashamba, mbali nasi wote.

"Mzee," akasema, "alizaa kesho yake baada ya wewe kufukiwa. Ni jike. Ana doa nyeupe hapa usoni."

Alivua soksi kwenye kipaza sauti, akaikunja, akairudisha mfukoni.

Karani mstaafu ndiye aliyesimama kwanza na, bila hata kusema muuga, akasimulia jinsi mzee alivyomletea kahawa mbichi kwenye mizani akiapa imeiva. Mwingine akafuata, kisha mwanakwaya akaungama habari za ile besi. Mwenye bucha akasema mteja yule alikuwa akimbishia kuhusu mifupa kila Jumamosi na kwamba Jumamosi zake sasa ni ndefu. Saa kumi ilikuwa imepita zamani. Wa mwisho kusimama alikuwa chifu, barakoa mkononi.

"Mama, siku ile hata mimi niliogopa," akasema. "Mzee wako alikuwa mtu mzuri. Ningesema siku ile, lakini niliogopa." Akaketi.

Chupa ya chai tulimpa jirani yangu bila hata kuulizana. Alisema tena haitaki, huku ameikumbatia.

Tuliteremka pamoja kwenye manyunyu yaliyokuwa yameanza, yeye na mimi, kila mtu upande wake wa njia. Kwenye lango lake alisimama. Kaburi linaonekana kutoka hapo, mwisho wa ile safu iliyopinda. Alilitazama, akashusha barakoa hadi kidevuni, na kwa mara ya kwanza tangu barakoa zianze nikauona uso wake wote.

"Mwari wakwa," akaniambia, "leo ndiyo tumemzika."