Chumba Walichokiita Sebule

Nyumba ya shemeji yangu kule Bungulu, mtaa wa Beni, ilinukia udi mbele na kakao iliyoanikwa nyuma, na kati ya harufu hizo mbili kulikuwa na chumba ambacho jina lake lilinichanganya likizo nzima. Nilikuwa bado shule ya msingi, mtoto wa Wakatoliki wa Butembo, nimetumwa Beni kumsaidia dada yangu Kavira aliyekuwa amejifungua mtoto wa kwanza. Kwetu mgeni aliingia saluni, ndicho chumba chetu cha kukaa wote, akaketi chini ya picha ya Bikira Maria, nasi watoto tukamzunguka. Kwa Waislamu hawa, mgeni mwanamume aliishia chumba cha kwanza, chenye mikeka na mito, na pazia zito likafunga njia ya ndani. Walikiita sebule. Nilimuuliza Mama Zaina, mama mkwe wa dada. “Ni jina ya zamani,” alisema, “babu yetu alikuya nayo kutoka Maniema.” Shemeji alisema ni Kiarabu. Mwalimu wake wa Kurani akakataa, labda Kiajemi. Kuuliza si ujinga, lakini kila jibu lilinipoteza zaidi.

Kisha baba akaja kumwona mjukuu. Hakuwa ameikanyaga nyumba ile tangu harusi, ambayo hakuipenda. Shemeji alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha sebuleni, akamletea chai ya tangawizi. Baba akangoja. Nyuma ya pazia alisikia mtoto akilia na Kavira akimbembeleza, wala hakuna aliyemwambia apite. Kwetu anayeachwa karibu na mlango ni muuza makaa.

“Hiki chumba ni cha nini?” aliuliza hatimaye.

“Hapa ndiyo tunaheshimia bageni, papa,” shemeji akajibu, akitabasamu.

Baba akaweka kikombe chini. “Mimi niko baba ya Kavira, na muko munaniita mugeni?”

Akavaa kofia, akatoka. Shemeji alibaki na birika mkononi, nami sikujua nimfuate nani. Ndipo Mama Zaina alipotoka pekupeku na mtoto kifuani, akamfikia baba barabarani katikati ya pikipiki.

“Muzee, kama jina ya chumba inakufukuza, acha jina. Shika mujukuu wako.”

Baba alimshika mtoto, akageuka naye. Aliporudi, alipita sebule, akapita pazia, akafika hadi jikoni, wanawake wakihangaika kutafuta mitandio, akaketi juu ya gunia. Akala humohumo. Tangu siku hiyo alikuja Beni kila msimu wa kakao, na mpaka anakufa hatukujua kama alikuwa amesamehe au amesahau.

Leo nina nyumba yangu Bulengera, hapa Butembo, na hata redio husema sebule, ikimaanisha chumba ambamo familia nzima inatazama televisheni. Labda neno limehama, labda ni sisi. Kwangu mgeni hupiga simu akiwa nje ya geti, tukazungumza palepale, kila mmoja upande wake, kisha akaenda zake. Mahali pale hapana jina. Hakuna anayekasirika, wala hakuna anayemkimbilia mgeni, na mimi bado sielewi ni lipi lililo heshima: kumketisha nje ya pazia, kumkimbilia barabarani, au kumwacha getini.