Sanduku Nililopeleka Mitole

Nimetengeneza milango mingi hapa Kilwa Kivinje, na vitanda, na makasha ya maharusi, na sijasikia mtu akiniita fundi mbovu. Lakini kazi inayonifanya niinamishe uso mpaka leo, meno yamekwisha na mikono inatetemeka, ni sanduku moja. Lilikuwa sanduku zuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu vita vya Maji Maji kwisha. Nasema kwisha kwa kuwa bunduki zilinyamaza. Njaa ilibaki. Askari wa Mdachi walikuwa wamechoma mashamba na maghala huko bara, na watu walikuwa wakichimba mizizi porini. Sisi wa mjini, penye boma na maduka, tulikula. Si kushiba, lakini tulikula, na mtu anayekula husahau upesi kwamba mwenzake hajala.

Mhindi mmoja mwenye duka, ambaye rafu zake zote nilizitengeneza mimi, alianza kuuza baiskeli. Zilikuja kwa meli, na wanunuzi walikuwa Wadachi wenye mashamba na makarani wao. Kuzipata haikuwa kazi, kazi ilikuwa kuzifikisha. Ya kwanza alimpa mtu aisukume hadi shambani. Yule bwana akaona ujinga kusukuma kitu kinachopandwa, akaipanda, akaanguka nayo bondeni. Mnunuzi akaikataa. Ya pili ilibebwa kichwani, ikanyeshewa njia nzima, ikafika na kutu. Nayo ikakataliwa. Ndipo mwenye duka akanijia.

"Fundi," akasema, "nataka chombo kilichofunikwa. Baiskeli iingie humo mbele yangu, itoke mbele ya mteja. Katikati hapo isione jua, wala mvua, wala mkono wa mtu."

Nikamwambia, "Tajiri, hilo ni dogo."

Halikuwa dogo. Kwanza nilitengeneza mkokoteni wenye kuta na paa, wa magurudumu mawili ya mbao. Ulizama kwenye mchanga hata kabla hatujaimaliza minazi ya mjini, na watu wakacheka nami nikanuna siku mbili. Nikaona njia zetu si za magurudumu, ni za mabega. Nikayang'oa magurudumu, nikapitisha miti miwili mirefu chini ya sanduku, watu wanne wabebe, wawili mbele na wawili nyuma. Mbao nikachagua za msufi kwa wepesi wake. Usukani wa baiskeli niliugeuza ulale sambamba na gurudumu, kwa hiyo sanduku likawa refu na jembamba. Juu, kwa sababu kiti na usukani vilipanda, nikakunja fito kama upinde, nikazifunika kwa kitambaa cheupe cha marekani, mikunjo miwili, ili mvua iteleze. Ndani nikajaza sufi. Hata kengele niliifunga kitambaa isilie. Ukilitikisa hulisikii.

Nadhani umeshaona nilichotengeneza. Mimi sikukiona, au nilijifanya sikukiona. Majeneza ya misikiti ya mjini kwetu yalikuwa kazi yangu, na mkono wangu ulikwenda kule ulikozoea kwenda.

Aliyekiona ni mama. Alikuwa akiishi nami tangu baba afariki. Yeye ni mzaliwa wa Mitole, aliletwa mjini akiwa bibi harusi, na toka siku ile hakuna mwanamume asiye wa nyumbani aliyeuona uso wake. Akitoka alijifunika hata mimi mwanawe nilimjua kwa mwendo tu. Wageni wangu walizungumza naye pazia likiwa katikati. Siku ile alisimama kwenye mlango wa ua, akalitazama sanduku langu kitambo.

"Mwanangu, hilo ni jeneza."

"Ni sanduku la baiskeli, mama."

"Mimi naona jeneza. Na njia hiyo ni ya kwetu. Lipake rangi basi, nyekundu, au lichore maua, watu wajue."

Nikamwambia rangi itaongeza uzito. Uongo. Rangi nilikuwa nayo. Nilichokataa ni kuambiwa na mwanamke wa uani jinsi ya kumaliza kazi yangu. Mama aligeuka. Aliingia ndani akaendelea kupeta mchele.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya Mdachi mwenye shamba la pamba, mbele kidogo ya Mitole. Akida, mtu wa serikali ya Mdachi, alituma neno kwamba ifike Ijumaa kabla ya alasiri, isipofika fundi aliyechelewesha ataandikwa pamoja na watu wa kupalilia. Tulijua maana yake. Waliokwenda kupalilia walirudi na migongo ya viboko, na wengine hawakurudi. Nikaamua kwenda mwenyewe. Nikapata wapagazi watatu, mimi nikawa wa nne, tukatoka alfajiri.

Chini ya kilima cha Singino tukamwona askari wa akida kwa mbali, bunduki begani. Hakuwa na habari nasi, alikuwa akienda zake. Lakini wapagazi wangu wawili hawakungoja kujua. Walitua miti wakaingia porini, na mpaka leo sijawaona. Nikabaki na mmoja, Mmwera mtu mzima asiye na maneno mengi. Tukajaribu kulibeba wawili. Hatua ishirini tukalitua. Mbele yetu kilikuwa kilima chenyewe, na jua lilikuwa limeshapanda.

Palikuwa na mtu akilima kando ya njia. Alipotuona tumesimama na sanduku lenye shuka jeupe, watu wawili tu, aliweka jembe chini. Akanawa mikono kwa maji ya kibuyu, akavaa kofia yake, akaja. Hakuuliza kitu. Alisema, "La ilaha illallah," akaingiza bega chini ya mti. Nyuma yake akaja mwingine kutoka shamba la pili.

Hiyo ndiyo desturi yetu, sihitaji kumweleza mtu wa pwani. Jeneza likikupita unaacha ulichokishika, unalibeba japo hatua chache, unampa mwenzako, unarudi kwenye shughuli zako. Hujui ni la nani na huna haja ya kujua.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nayo pale pale, kabla bega la yule mtu halijagusa mti. Nilitazama kilima, nikamfikiria akida, nikanyamaza. Ningependa kusema ni hofu tu, nanyi mngenihurumia. Lakini nilipoona sanduku linapanda kilima kama halina kitu ndani, nilifurahi pia. Moyoni nilijiambia, fundi, umepata njia.

Wakaja wengine. Kila penye shamba waliinuka wawili, watatu, wakapokezana. Mimi nilitembea mbele, mikono mitupu. Yule wa kwanza, mtu wa Singino, hakutaka kupokewa. Alibeba mwendo mrefu kuliko wote, na nilipomwangalia niliona mbavu zake zote.

"Tunakwenda wapi, ndugu yangu?" akaniuliza.

"Mitole."

Akatikisa kichwa. Baadaye akasema na mwenzake, kwa sauti ya chini, lakini niliisikia.

"Mwepesi mno. Alikufa kwa njaa, maskini."

"Kama mwanangu," mwenzake akasema. "Mwanangu nilimbeba peke yangu."

Mmwera wangu aliinua macho akanitazama. Nami nikajitia kufunga vizuri kamba ya kiatu changu.

Karibu na Mitole mwanamke mmoja alitoka kwenye kibanda chake. Hakusogea karibu, alisimama kando kwa heshima, akatuma ungo kwa mkono wa mumewe. Ndani yake kulikuwa na ming'oko ya kuchemsha, mizizi ambayo mtu huchimba siku nzima apate ya kujaza kiganja. "Wape waliokuja na maiti kutoka mbali," alisema. Waliotoka mbali ni sisi wawili. Mmwera alisema ameshiba. Mimi nilikula. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka kama nilikuwa na njaa, na nakumbuka vizuri kwamba asubuhi ile nilikula mkate wa kumimina na chai.

Tulifika Mitole watu wakitoka kwenye sala ya Ijumaa. Hapakuwa na mtu wa kunijua. Ukoo wa mama ulikuwa umekwisha kwa vita na njaa, yamebaki makaburi. Nilikuwa nimepanga kuwashukuru nje ya kijiji na kuwaaga. Nani angeniacha? Waliingia moja kwa moja hadi uwanja wa msikiti, wakalitua taratibu, kichwa upande unaostahili, na kabla sijatafuta neno safu zilishapangwa. Shehe wao, mzee mwembamba, akaja karibu yangu.

"Poleni sana. Maiti ni mwanamume au mwanamke?"

Anayesalisha ni lazima ajue. Nilikuwa nimevuka njia nzima bila kutamka uongo, na nilikuwa nikijisifu kwa hilo, kwamba mimi sikumwambia mtu yeyote kwamba ni maiti. Sasa niliulizwa swali lenye majibu mawili. Shehe alinitazama kwa huruma, akidhani machozi yananizuia.

"Mwanamume," nikasema.

Akageuka kuelekea kibla. Akainua mikono. Nami niliingia safu ya mbele, bega kwa bega na yule mtu wa Singino.

Mmwera hakuwa Mwislamu, alikuwa ameketi pembeni. Akasimama, akapita mbele ya safu zote, akalifunua shuka langu, akavuta sufi kwa mikono miwili. Gurudumu likaonekana, linang'aa.

"Hamna mtu humu," akasema. "Ni baiskeli ya Mdachi."

Nilingoja kupigwa. Ningeshukuru. Shehe alishusha mikono yake akawaambia watu waende makwao. Wakaondoka mmoja mmoja. Yule wa Singino alikuja hadi kwenye sanduku, akainama, akaligusa gurudumu kwa kidole, likazunguka kidogo. Hakunitazama. Alijipangusa bega lake, lile alilobebea, akaondoka kurudi kwenye jembe lake. Alikuwa na mwendo wa saa mbili.

Mmwera naye aliniacha hapo hapo. Niliitoa baiskeli nikaisukuma mwenyewe hadi shambani, na sanduku tupu nikaenda kuliburuta baadaye. Mdachi aliizunguka baiskeli, hakuona mkwaruzo, akataka kuona chombo kilichoileta. Nilipolileta akaligonga mbao, akacheka kwa furaha, akasema kupitia kwa karani wake kwamba hajaona fundi mwenye akili kama mimi katika pwani hii. Akida, aliyekuwepo, akanipa mkono.

Sikumweleza mama. Lakini habari zilifika mjini kabla yangu, na nilipoingia alinipa maji ya kunawa. Sanduku lilipofika mjini nikalipaka rangi nyekundu siku ile ile. Lilifanya kazi miaka kadhaa, na kila aliyeliona alijua ni kitu gani.

Mama aliugua masika moja, hakulala sana kitandani. Wasia wake ulikuwa mmoja, azikwe Mitole kwa baba yake. Wanawake walimkosha, wakamkafini, sisi tukamlaza kwenye jeneza nililolitengeneza kwa mkono wangu, tukalifunika marekani mpya. Tulitoka mjini watu wanane. Njia ilikuwa tope tupu, na Singino tulifika tumechoka hoi.

Watu walikuwa mashambani wakipalilia. Waliinua vichwa wakatuona. Hakuna aliyeweka jembe chini. Walisimama wakatutazama, na nilijua wananijua. Tukapita shamba la kwanza, tukapita la pili. Mmoja wetu aliteleza, jeneza likayumba, tukalitua.

Yule mtu wa Singino alikuwa pale pale, amezeeka. Akaja polepole, jembe mkononi.

"Shikamoo," nikasema.

Hakuitikia. Alilitazama shuka.

"Ni mama yangu," nikasema. "Wallahi ni mama yangu."

"Fungua."

Wenzangu walikasirika, mmoja akamwendea. Nikamzuia. Nikapiga goti kwenye tope, nikafunua marekani, nikafungua sanda kichwani. Mama yangu, aliyezungumza na wageni wangu nyuma ya pazia maisha yake yote, akalala uso wazi chini ya mvua, mbele ya wanaume nisiowajua hata jina, nao wakasogea wakamtazama mmoja baada ya mwingine mpaka wakaridhika.

"Inna lillahi," yule mtu akasema. Akatupa jembe, akaingiza bega.

Alibeba hadi mwisho wa shamba lake. Baada ya hapo palikuwa na shamba jingine, na watu wengine wamesimama na majembe yao, wakingoja. Mpaka tunafika makaburini Mitole nilikuwa nimemfunua mama mara tatu.