Chungwa Yenye Niliona mu Kioo

Mimi masomo yangu iliishia deuxième primaire, darasa ya pili, lakini fizike ninajua. Musicheke. Ninajua kitu moja tu, na hiyo moja iliingia mpaka mu mufupa.

Wakati ya vita masomo ilifungwa hapa Bunia. Bwana ya binti yangu alikuwa mwalimu wa fizike, akakatala watoto wa sixième, darasa ya mwisho, wakose examen juu ya masasi. Akawaleta kwangu mu lupango, ndani ya uzio ya nyumba, kila asubuhi yenye barabara ilikuwa kimya. Mimi niko pembeni, ninachambua maharagi, nimewapa mugongo. Mugongo, ndiyo. Mukwe ni mukwe. Kwetu mama hamuangalie bwana ya binti yake mu macho, hakule naye. Hata vita haikumaliza ile heshima. Lakini udadisi nao haikuisha: kioo yangu ya kusukia nywele ilikuwa kwa ukuta mbele yangu, na mule ndani nilimuona yeye muzima, na shati yake moja ile ile.

Alivingirisha waya kwa musumari, akaiunga na mawe ya redio, zile betri, musumari ikaanza kuvuta sindano. Pembeni alichoma chungwa na kijiti. Akasema ndani ya kila kitu muko mbegu kidogo kabisa, zingine zinazunguka kama hii chungwa na kutema vitu vidogo zaidi. Mama mumoja wa Chine, zamani, aliweka mbegu za vile mu baridi kali ili zitulie, akazigeuza zote upande moja na nguvu ya kuvuta chuma. Akaangalia zinatema wapi. Vidole ya mukono ya kuume ikifuata muzunguko, kidole gumba inaonyesha juu. Lakini zile mbegu zilitema zaidi chini.

"Sasa angalieni mu kioo," akasema. "Mule chungwa inazunguka kinyume, lakini kutema ni chini tu. Kitu ya vile haiko duniani. Wenye akili wote walizania kioo na dunia ni sawa. Haiko sawa."

Nikacheka ndani ya roho. Nilizania amenikamata ninamuchungulia.

Siku moja vijana wenye bunduki wakaingia. Wanafunzi wakaruka lupango. Wale vijana wakaona waya, wakaona mawe ya redio, wakasema ni foni, redio ya kuita adui. Siku zile, mutu wa foni hakuona magaribi. Mukwe akasema ni masomo tu, hata mama anasikiaka kila siku. Mukubwa wao, mwembamba, mwenye kukohoa, hakuwa mujinga. Akasema mimi nilikuwaka pale kila siku, basi nionyeshe ile masomo peke yangu, mukwe naye aonyeshe yake nyuma ya nyumba. Tukionyesha kitu moja, ni masomo. Tukionyesha mbili, ni foni.

Nilifurahi, kweli ya Mungu. Kila kitu nilikuwa nayo kwa kichwa. Nikashika chungwa, nikawapa mama wa Chine, nikawapa baridi, mumoja akasema, "Huyu muzee ni professeur." Nikazungusha vile niliona kila asubuhi, nikaonyesha inatema chini.

"Inazunguka hivyo?" mukubwa akauliza.

"Hivyo. Siku zote."

Akaenda nyuma ya nyumba. Kurudi, sura ilibadilika. Mwalimu alizungusha upande ingine, naye akasema chini. Mumoja kati yetu anadanganya, akasema.

Hakuna mwenye alidanganya. Mimi niliwaonyesha ile ya kioo, ile yenye haiko duniani.

Wakamufunga mikono. Kupita mbele yangu akainua macho, na mimi nikainua yangu, mara ya kwanza, uso kwa uso. Akasema polepole, bila hasira, "Mama, weye uliona mu kioo."

Akajaribu kumuelezea mukubwa: heshima, mugongo, kioo. Mukubwa akasema hadisi imetosha. Wakamupeleka njia ya Bogoro. Siye tulitafuta mpaka watu wakatuomba tuache.

Binti yangu aliniuliza mara moja tu, na tumbo yake ya miezi sita: "Mama, hata siku moja haukugeuka?"

Nikamwambia ni heshima. Akavuta sahani ya maharagi kwake, akaanza kuchambua.